Diablo II inapogoma: soma dalili kabla ya kufuta

Ukiniuliza ni nani aliyeua wahusika wengi zaidi katika gemu ya Diablo II, sitamtaja Duriel wala Baal, majitu yake ya kuogopwa. Nitautaja mkono wa mchezaji mwenyewe, ule unaokimbilia kufuta gemu na kuisakinisha upya kila inapogoma. Mimi nilimzika hivyo mhusika wangu, Necromancer wa daraja la 78. Skrini ilikuwa nyeusi, nikafuta folda nzima, nikasakinisha tena, na skrini ikabaki nyeusi vile vile. Tatizo lilikuwa kwenye namna ya kuchora picha, mahali ambapo kusakinisha upya hakufiki. Necromancer naye alikuwa ndani ya ile folda niliyoifuta.

Gemu hii iliundwa na Blizzard North na ikatoka Juni 2000. Nyongeza yake, Lord of Destruction, ikafuata mwaka 2001. Masharti yake ya chini yalikuwa Pentium ya 233 MHz na RAM ya MB 32. Kompyuta yoyote ya ofisini ya mtumba unayoweza kuinunua leo inazidi hapo kwa mbali, kwa hiyo ikikataa kufunguka usianze kuilaumu mashine. Gemu inaongea na Windows kwa desturi za mwaka 2000, na Windows imeshahama desturi hizo. Wawili hawa hugombana hasa mahali patatu: picha, ruhusa za folda, na mafaili yaliyokuwa yakisomwa kutoka kwenye diski. Karibu kila dalili utakayoiona inaangukia mojawapo.

Kabla ya kugusa chochote

Nakili wahusika wako kwanza. Kila mmoja ni faili lenye mkia wa .d2s, dogo kiasi kwamba flashi ya zamani kuliko zote ulizonazo inawabeba wote na nafasi ikabaki. Nakili folda yote ya hifadhi, kwa sababu pembeni ya .d2s kuna mafaili ya ramani na ya vitufe ulivyovipanga.

Halafu angalia toleo. Namba yake imeandikwa kwenye kona ya menyu kuu. Mpaka wa kukumbuka ni 1.14, kiraka (yaani sasisho) kilichotoka Machi 2016, miaka kumi na sita baada ya gemu yenyewe. Kabla ya hapo, wahusika hukaa kwenye folda iitwayo Save ndani ya folda ya gemu. Kuanzia hapo, wanakaa kwenye folda yako ya mtumiaji, chini ya Saved Games\Diablo II. Ushauri mwingi unaopewa na watu hugongana kwa sababu hausemi ni wa upande upi wa mpaka huo.

"Wahusika wangu wametoweka"

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalowatoa watu jasho, na mara nyingi wahusika wapo salama.

Mtiririko wake ni huu. Una toleo la 1.13 au la zamani zaidi, na umeiweka gemu ndani ya Program Files. Tangu Windows Vista, programu ya kawaida hairuhusiwi kuandika humo. Windows haikuambii hivyo. Inaichukua ile amri ya kuandika na kuipeleka kwenye folda ya kificho iitwayo VirtualStore, kisha gemu inaaminishwa kwamba imeandika palepale ilipotaka. Unacheza mwezi mzima bila shida. Siku moja picha inasumbua, rafiki anakushauri uweke tiki kwenye "Run as administrator". Picha inatengemaa, lakini orodha ya wahusika ni tupu.

Kilichotokea ni kwamba gemu sasa ina ruhusa kamili, kwa hiyo inasoma folda halisi ya Program Files, ambayo haijawahi kuandikwa chochote. Wahusika wako bado wamekaa hapa:

C:\Users\jina lako\AppData\Local\VirtualStore\Program Files (x86)\Diablo II\Save

Folda ya AppData imefichwa, basi washa kwanza uonyeshaji wa vilivyofichwa, au andika njia hiyo moja kwa moja kwenye kisanduku cha anwani cha dirisha la mafaili. Wanakili uwapeleke kwenye Save ya folda halisi. Na ukishafanya hivyo, hamisha gemu nzima nje ya Program Files. Mimi huiweka kwenye C:\Michezo\Diablo II na sijawahi kulizungumza tatizo hilo tena na nafsi yangu.

Kama hawapo VirtualStore, jiulize maswali matatu. Je, umepanda kwenda 1.14? Basi gemu inatazama Saved Games, na wahusika wa zamani wamebaki kwenye Save ya folda ya gemu, wanakili. Je, jina la faili limebadilika? Jina la faili lazima lifanane na jina la mhusika lililoandikwa ndani yake. Ukinakili mara mbili na Windows ikaongeza (1) au neno Copy mwishoni, rudisha jina la awali. Je, mhusika ni wa Lord of Destruction na wewe umesakinisha gemu ya msingi tu? Huyo hataweza kuingia mpaka nyongeza iwekwe. Tena, faili lililohifadhiwa na 1.10 au toleo la baadaye halisomeki na 1.09, hata ulibembeleze vipi.

Kuna dalili ya nne, na kwetu umeme unapokatika bila hodi hii si nadra: jina lipo kwenye orodha lakini mhusika haingii, au gemu inalalamikia "bad inventory data". Litazame faili lenyewe. Likiwa na ukubwa wa baiti 0, uandishi ulikatwa katikati na hakuna cha kutengeneza ndani yake. Rudi kwenye nakala yako, au bofya faili kwa kitufe cha kulia uangalie kama Windows imetunza matoleo ya nyuma. Ndiyo sababu nimeanza na flashi.

Skrini nyeusi, au ujumbe wa kukataa picha

Unabofya, skrini inameta, unarudishwa kwenye eneokazi. Au inabaki nyeusi huku muziki wa menyu ukisikika. Muziki huo ni habari njema: gemu iko hai, ila picha haijapata njia.

Diablo II ina njia tatu za kuchora: DirectDraw, Direct3D na Glide. Unazichagua kwa programu ndogo iliyomo kwenye folda ya gemu, D2VidTst.exe. Iendeshe. Wengi waliochagua Direct3D siku ya kwanza kwa sababu jina lina "3D" ndani yake ndio wanaopata skrini nyeusi kwenye kadi za picha za leo. Badili kwenda DirectDraw ujaribu tena. Ikifunguka, umeshajua kwamba mafaili yako ni mazima, na kila wazo la kusakinisha upya lifie hapo.

Kama bado, jaribu dirisha dogo: tengeneza njia ya mkato, fungua sifa zake, na mwisho wa kisanduku cha Target, nje ya alama za kunukuu, acha nafasi uandike -w. Hali ya dirisha inapatana na DirectDraw. Ukiiwasha huku umechagua Direct3D, usishangae ikikataa.

Kosa moja nimeliona hata kwa mafundi. Mtu anaweka hali ya ulinganifu (Compatibility) wa Windows XP kwenye Diablo II.exe, hakuna kinachobadilika, anakata tamaa. Faili hilo ni bawabu tu, linaamsha Game.exe kisha linakaa pembeni. Mipangilio ya ulinganifu, ya ruhusa na ya kuzima maboresho ya skrini nzima iweke kwenye Game.exe pia. Kwa 1.14, anza bila ulinganifu wowote. Kiraka hicho kilitengenezwa kwa ajili ya Windows mpya, na kukilazimisha kijifanye cha XP kunaweza kukiharibia.

Rangi za ajabu

Nyuso za kijani, maji ya waridi, menyu kama kitenge kilichomwagikiwa jiki. DirectDraw ya gemu hii inatumia rangi 256 zilizopangwa kwenye jedwali, na programu nyingine ya Windows ikilichezea jedwali hilo, kila kitu kinageuka. Funga vitu vinavyochora juu ya skrini, jaribu alama ya rangi chache za 8-bit kwenye kichupo cha Compatibility cha Game.exe, na kama bado, nenda moja kwa moja kwenye dawa ya sehemu inayofuata.

Inakwenda kwa kukwamakwama

Kwanza tofautisha. Ukicheza peke yako, Diablo II inachora fremu 25 kwa sekunde, basi. Mtu aliyezoea gemu za fremu 60 ataiona nzito hata kwenye kompyuta ya mamilioni. Bonyeza Enter ndani ya gemu, andika fps, bonyeza Enter tena, na namba itatokea. Ikisoma 25 na kutulia hapo, gemu ni nzima. Macho yako ndiyo yamedekezwa.

Ikisoma 8 au 12 na kuyumba, hasa kwenye skrini nzima ya Windows 10 na kadi ya Intel ya ndani, basi DirectDraw ndiyo inayochechemea. Windows mpya inaiiga tu, na inaiiga kwa uvivu. Dawa ni kuweka mkalimani katikati. Wapo wawili ninaowaamini.

Wa kwanza ni cnc-ddraw: faili la ddraw.dll (dll ni kipande cha programu ambacho gemu hukiita kikafanye kazi) pamoja na programu yake ya mipangilio, unayaweka kwenye folda ya Game.exe, unachagua DirectDraw kwenye D2VidTst, na amri za kuchora zinapelekwa kwa kadi kwa lugha inayoielewa.

Wa pili una historia tamu. Glide ilikuwa lugha ya kadi za Voodoo za kampuni ya 3dfx, na mwaka 2000 hiyo ndiyo iliyokuwa njia bora kabisa ya kuicheza Diablo II. Desemba mwaka huohuo Nvidia ikatangaza kuzinunua mali za 3dfx, na Glide ikabaki yatima. Ila gemu bado inaijua. Kwa hiyo watu wakaandika faili la glide3x.dll linalojifanya kadi ya Voodoo na kutafsiri kila kitu kwenda OpenGL. Liweke kwenye folda ya gemu, panga ukubwa wa picha kwa glide-init.exe, kisha fungua gemu kwa -3dfx. Unapata na ule mtazamo wa kina ambao DirectDraw haina, nguzo za kanisa zikisogea unapotembea. Kwa maoni yangu hivi ndivyo gemu ilivyokusudiwa kuonekana.

Antivirusi nyingi huzitilia shaka dll za aina hii. Zichukue kwa mwandishi wake, si kwenye flashi ya jirani.

Picha imenenepa

Gemu ya msingi ni 640 kwa 480, na Lord of Destruction imeongeza 800 kwa 600. Zote ni umbo la 4:3, na skrini yako ni pana, kwa hiyo Barbarian anatandazwa kama chapati. Fungua mipangilio ya kadi ya picha, tafuta sehemu ya scaling, chagua kudumisha uwiano. Utapata pande mbili nyeusi na mashujaa wenye viuno vyao.

Na kama ukicheza kwenye dirisha kishale cha kipanya kinagonga pembeni ya pale unapolenga, Windows yako imekuzwa asilimia 125 au 150. Kwenye Compatibility ya Game.exe, ingia kwenye mipangilio ya DPI, uiache programu ijipimie yenyewe.

"Inadai diski, na laptopu yangu haina hata tundu la diski"

Gemu ya msingi ilikuja kwa diski tatu, na nyongeza ikawa na yake. Kuanzia 1.12, ya mwaka 2008, diski haihitajiki tena, kwa sharti moja: mafaili yote ya .mpq, yaani maghala ya picha, sauti na filamu za gemu, yawepo kwenye folda ya gemu. Hapo ndipo watu wanapokwama. Hata aliyechagua usakinishaji kamili anaweza kukosa d2music.mpq kutoka kwenye diski ya kuchezea, na d2xmusic.mpq pamoja na d2xvideo.mpq kutoka kwenye diski ya nyongeza. Azima kisomaji cha diski cha USB kwa saa moja, nakili hayo matatu, rudisha kisomaji.

Diski ikiwa na mikwaruzo, kunakili kutasimama katikati na Windows itakupa ujumbe wa kushindwa kusoma. Ipanguse kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha. Na ukikuta gemu inacheza vizuri ila haina muziki wala filamu kati ya sura moja na nyingine, huenda una nakala iliyopunguzwa na mtu ili iingie kwenye diski moja. Hakuna mpangilio utakaourudisha muziki ambao faili lake halipo.

ACCESS_VIOLATION

"UNHANDLED EXCEPTION: ACCESS_VIOLATION (c0000005)" inatisha kuisoma, lakini maana yake ni fupi: gemu imejaribu kugusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, Windows ikaifukuza. Inakuambia imekufa, haikuambii imeuawa na nini.

Swali langu la kwanza siku zote: umeweka mod, yaani nyongeza iliyoandikwa na wachezaji wenyewe? Mpaka 1.13, gemu ilikuwa na dll nyingi kwenye folda yake, na mod zilikuwa zikizichomekea vitu. 1.14 ilizikusanya zote ndani ya Game.exe. Mod iliyoandikwa kwa 1.13 ikiwekwa juu ya 1.14 inanyoosha mkono mahali palipokuwa na mlango, na sasa pana ukuta. PlugY, kwa mfano, inayotafutwa sana kwa sababu ya ghala lake lisilojaa, matoleo yake ya zamani hayakuandikwa kwa 1.14. Toa mod, jaribu gemu tupu.

Kama hakuna mod, fungua folda ya gemu utafute mafaili ya maandishi yanayoanza na D2 na kufuatiwa na tarakimu za tarehe. Hizo ni kumbukumbu za kila siku. Nenda chini kabisa ya ile ya leo, soma mistari kabla ya kifo. Mara nyingi utaona jina la dll iliyokuwa kazini. Ikiwa ni ya picha, rudi kwenye D2VidTst. Ikiwa ni ya programu ya kurekodi skrini au ya kuonyesha namba juu ya gemu, izime. Ukikosa kidokezo chochote, ongeza Game.exe kwenye orodha ya zinazosamehewa na ulinzi wa DEP wa Windows. Ni dawa ya kizee, ila imewaponya wengi wa matoleo ya kabla ya 1.14.

Ikifia palepale kabla hata ya nembo, ifungue kwa -ns, yaani bila sauti. Ikifunguka, mwenye makosa ni upande wa sauti.

Sauti yenyewe

Ikiwa inakatika au inakwaruza, ingia kwenye chaguo za sauti, zima 3D na Environmental Effects. Kadi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo hazipo tena kwenye kompyuta zetu.

Kuna kisa kingine: rafiki yako alikaa kwenye kompyuta dakika mbili, na sasa gemu inatoa milio ovyo, mlango ukifunguka unalia kama mbuzi anayechinjwa. Ameandika /soundchaosdebug, amri ya gemu inayovuruga sauti. Iandike tena, itazimika. Kisha mtafute rafiki.

Duriel anakuua kabla hujaona chumba

Mwisho wa sura ya pili unaingia kwenye shimo la kaburi la Tal Rasha, skrini inaganda, na ikirudi wewe ni maiti. Tangu mwaka 2000 watu wanalaumu mtandao, hata wanaocheza peke yao.

Sababu ni diski. Chumba ni kidogo, na Duriel anaanza kukushambulia mara unapokanyaga mlango. Lakini picha na sauti zake hazijasomwa bado, kwa hiyo kompyuta inakimbilia kuzileta wakati yeye yuko kazini. Kwenye diski ya CD ilikuwa mauaji ya halaiki. Kwenye diski kuu ya kuzunguka iliyochoka bado ni hatari. Hakikisha mafaili yote ya .mpq yako kwenye diski kuu, na kama una SSD ndogo, yaani diski ya kasi isiyozunguka, gemu hii ndiyo ya kuhamishia humo; hata ikiwa kamili haifiki GB 3. Ukikosa SSD, ingia, kubali kufa mara moja, rudi kupitia lango la mji bila kutoka kwenye gemu. Mara ya pili data imeshakuwa kwenye kumbukumbu, na mnapigana kwa haki.

Unatupwa nje katikati ya vita

Si kufa kwa gemu. Unashika Shift ili mhusika apige akiwa amesimama, unaigonga mara tano haraka, na Windows inadhani unaomba Sticky Keys. Kisanduku kinaruka, skrini nzima inavunjika. Nenda kwenye mipangilio ya ufikivu wa kibodi, ondoa njia hiyo ya mkato. Kwa Amazon au Sorceress, wahusika wanaopiga kwa mbali, hii ni ya kufanya siku ya kwanza.

Kwenye mtandao hatuonani

Kwenye TCP/IP, njia ya kuunganisha kompyuta moja kwa moja, mwenyeji anafungua gemu na wengine wanaandika anwani yake. Wakikwama, fuata mpangilio huu. Matoleo yafanane kabisa, 1.13 na 1.14 hawasalimiani. Ukuta wa moto wa Windows kwa mwenyeji umruhusu Game.exe, mlango wa 4000. Halafu itazame anwani gemu inayomwonyesha mwenyeji: kama ana VPN au programu ya kompyuta bandia, huenda inaonyesha anwani ya kadi isiyo sahihi. Mwambie afungue ipconfig achukue ile ya Wi-Fi.

Hotspoti ya simu inatosha kabisa kwa watu wanne waliokaa sebule moja, na haili bando, kwa sababu mazungumzo yanabaki ndani ya chumba. Lakini kumkaribisha mtu aliye mji mwingine kupitia modemu ya mtandao wa simu ni kazi ya bure mara nyingi: kampuni huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mgeni wako hana njia ya kubisha hodi kwako. Hapo tumieni mtandao bandia wa kuwaunganisha, au mkutane Battle.net, huduma ya mtandaoni ya Blizzard.

Battle.net ina sharti moja ambalo watu huliona kama hitilafu: mhusika asiyeguswa kwa siku 90 huondolewa. Hakuna faili la kurudisha, kwani hakuwahi kukaa kwako.

Haya si maradhi

Mhusika hataki kuokota kitu ukikibofya? Umewasha /nopickup, iandike tena, au ushike Alt wakati wa kuokota. Mazimwi yamekuwa laini ghafla baada ya kufunga na kufungua gemu? Ulikuwa umeandika /players 8, amri inayoyafanya magumu kana kwamba mko wanane, na haidumu. Uchawi wa barafu haumgusi adui kwenye Hell, ngazi ngumu kuliko zote? Soma chini ya jina lake, ana kinga. Umekosea kugawa pointi? Kuanzia 1.13, Akara anakupa nafasi ya kuzigawa upya, mara moja kwa kila ngazi ya ugumu, ukimaliza kazi yake ya kwanza ya Den of Evil.

Moja linauma zaidi. Umekufa mara tatu, una maiti tatu porini, unachagua kuhifadhi na kutoka ukitegemea zikungojee mjini. Itakungojea moja tu, ile yenye vitu vya thamani zaidi. Nyingine zimekwenda na vilivyokuwa juu yake. Na chochote ulichokiacha chini, hata kama ni mbele ya miguu ya Deckard Cain, kinafutika ukitoka.

Na Resurrected je?

Toleo lililofanywa upya, la Septemba 2021, ni mgonjwa wa wodi nyingine. Linadai Windows 10, RAM ya GB 8, GB 30 za diski na kadi ya kiwango cha GTX 660, kwa hiyo hapa udhaifu wa mashine unaweza kuwa ndiyo sababu ya kweli. Linakutaka uingie mtandaoni walau mara moja ndani ya siku 30 hata ukicheza peke yako. Likikataa baada ya safari ndefu kijijini, washa data dakika moja. TCP/IP haimo, iliondolewa kabla ya kutoka, basi usiitafute kwenye menyu. Picha ikigeuka ya kizamani ghafla, umebonyeza G.

Wahusika wako wa zamani wa kucheza peke yao wanaingia humo: nakili .d2s uiweke kwenye Saved Games\Diablo II Resurrected. Nakili, usihamishe. Ya asili iache kwenye flashi.